Vigezo vyenye majina katika skripti za bechi: mwongozo kamili, kutoka mstari wa kwanza hadi majaribio

Ukiandika `kusanya.bat Vwawa E:\Mizani 7`, skripti ya bechi (faili ya .bat yenye amri za Windows) inakwenda vizuri kwa sababu wewe uliyeitunga unakumbuka kwamba kituo kinatangulia, folda inafuata, siku zinamalizia. Karani wa zamu akianza na namba ya siku, rekodi za Vwawa zinaingia kwenye folda inayoitwa 7, na hakuna anayegundua mpaka wakulima waanze kuulizia malipo yao.

Dawa yake ni kukipa kila kigezo jina: `--kituo Vwawa --kutoka E:\Mizani --siku 7`. Mpangilio haujalishi tena, na anayesoma amri anaielewa bila kuuliza. Shida ni kwamba bechi haina amri iliyo tayari ya kusoma vigezo vya namna hii. Unaijenga mwenyewe, na wengi hukwama palepale: kwenye `shift` na mabano.

Mfano wetu ni chama cha msingi cha kahawa wilayani Mbozi. Kila kituo kina mizani iliyounganishwa na kompyuta, jioni rekodi zinahifadhiwa kama faili za CSV kwenye flashi, na flashi zinapelekwa ofisini. Kama wewe uko kwenye chai ya Rungwe au viazi vya Njombe, badilisha majina tu. Muundo ni uleule.

## Vinavyohitajika

- Kompyuta yenye Windows 10 au 11. Programu ya kunakili faili, `robocopy`, imo ndani tayari, huna cha kupakua.
- Notepad. Inatosha kabisa.
- Dirisha la amri: bonyeza Windows+R, andika `cmd`, kisha Enter. Usijaribie skripti kwa kuibofya mara mbili, maana dirisha litafunga kabla hujasoma kosa.
- Flashi moja yenye faili mbili tatu za CSV za majaribio. Usitumie rekodi halisi za msimu.

## Hatua ya 1: Tengeneza faili kwa usahihi

Fungua folda mpya, tuseme `C:\Kahawa`. Kwenye Notepad chagua Save As, pale chini kwenye aina ya faili weka All files, kisha ita faili `kusanya.bat`. Usipochagua All files utapata `kusanya.bat.txt`, na Windows ikificha viendelezi utaapa kwamba jina liko sawa.

Kwenye Encoding chagua ANSI au UTF-8, lakini si "UTF-8 with BOM". Hiyo ya mwisho hutia alama zisizoonekana mwanzoni mwa faili, na mstari wa kwanza unagoma kwa kulalamika kuhusu herufi za ajabu zilizobandikwa mbele ya `@echo`.

Na usiipe skripti jina la amri iliyopo. Ukiiita `robocopy.bat`, itakapofika mahali pa kuita robocopy itajiita yenyewe, kisha itajiita tena, bila mwisho.

## Hatua ya 2: Kichwa cha skripti na thamani za kuanzia

```
@echo off
setlocal EnableExtensions DisableDelayedExpansion

set "KITUO="
set "KUTOKA="
set "KWENDA=%~dp0Mizani"
set "SIKU=7"
set "JARIBIO="
```

`setlocal` inafungia vibadilika vyako (majina yanayoshika thamani, kama KITUO) ndani ya skripti. Bila hiyo, KITUO ya safari iliyopita inabaki kwenye dirisha, na kesho ukisahau kutaja kituo, kahawa ya Mlowo itahesabiwa kuwa ya Vwawa. Mistari ya `set "KITUO="` inafuta kilichokuwepo kabla.

`DisableDelayedExpansion` iko hapo kwa ajili ya alama ya mshangao. Ukiiacha hali ya kinyume, `EnableDelayedExpansion`, iwe imewashwa wakati wa kusoma vigezo, folda inayoitwa `Msimu mpya!` itapoteza mshangao wake njiani.

Zingatia alama za kunukuu zinavyokaa: zinaanza kabla ya jina na kuishia baada ya thamani. Usiweke nafasi pembeni mwa `=`. Ukiandika `set KITUO = Vwawa` unapata kibadilika ambacho jina lake limebeba nafasi mwishoni, na ukiitafuta KITUO huikuti.

`%~dp0` ni folda ilipo skripti, ikiwa na mkwaju wake mwishoni. Itumie badala ya kutegemea folda uliyosimama, kwa sababu hujui mtu atasimama wapi.

Onyo la majina: usiite kibadilika PATH, DATE, TIME wala ERRORLEVEL. Ukiandika `set "PATH=%~2"` kwa nia ya kuweka njia ya folda, umeiondolea Windows orodha ya mahali pa kutafutia programu, na mstari unaofuata utasema robocopy haijulikani.

## Hatua ya 3: Kitanzi cha kusoma vigezo

Hapa ndipo penye kazi. Andika hivi, chini ya kichwa:

```
:soma
if "%~1"=="" if [%1]==[] goto :kagua
set "JINA=%~1"
if /i "%JINA%"=="--jaribio" goto :weka_jaribio
if /i "%JINA%"=="--msaada" goto :msaada
if "%JINA%"=="/?" goto :msaada

set "THAMANI=%~2"
if not defined THAMANI goto :haina_thamani
if "%THAMANI:~0,2%"=="--" goto :haina_thamani
shift /1
shift /1

if /i "%JINA%"=="--kituo"  set "KITUO=%THAMANI%"  & goto :soma
if /i "%JINA%"=="--kutoka" set "KUTOKA=%THAMANI%" & goto :soma
if /i "%JINA%"=="--kwenda" set "KWENDA=%THAMANI%" & goto :soma
if /i "%JINA%"=="--siku"   set "SIKU=%THAMANI%"   & goto :soma

>&2 echo Sikitambui kigezo "%JINA%"
exit /b 2

:weka_jaribio
set "JARIBIO=1"
shift /1
goto :soma

:haina_thamani
>&2 echo Kigezo "%JINA%" hakina thamani
exit /b 2
```

Tuipitie.

`%1` ni kigezo cha kwanza kama kilivyoandikwa. `%~1` ni kilekile kikiwa kimevuliwa alama za kunukuu. Unakivua, kisha unakivika zako mwenyewe: `"%~1"`. Ukiandika `"%1"` na mtumiaji naye ameweka za kwake, zinakuwa mbilimbili na ulinganisho unavunjika.

Mstari wa pili una `if` mbili kwa sababu. Vigezo vikiisha, `%~1` ni tupu. Lakini mtu akiandika `""` kwa makusudi au kwa bahati mbaya, nayo pia ni tupu. `if` ya pili inatofautisha: kama hakuna kitu kabisa tunakwenda kukagua, na kama kuna `""` tunaendelea chini ambako itakataliwa. Bila hiyo, `""` moja katikati ya amri inafuta kimya kimya kila kilichofuata.

`shift /1` inasogeza vigezo: kilichokuwa cha pili kinakuwa cha kwanza. Tunaisogeza mara mbili kwa sababu tumemaliza jina na thamani. `--jaribio` ni swichi, haina thamani, kwa hiyo inasogezwa mara moja tu. Ukiisogeza mara mbili, inameza jirani yake.

Kwa nini `/1`? `shift` tupu inasogeza hata `%0`, yaani jina la skripti yenyewe. Baada ya hapo `%~dp0` haioneshi tena folda ya skripti. Wengi wanapoteza nusu siku hapa wakitafuta kosa kwenye robocopy. Na usitegemee `%*` baada ya kusogeza: hiyo haisogei, inabaki na orodha nzima ya mwanzo.

Ukaguzi wa `"--"` unazuia `--kituo --siku 3` isizae kituo kinachoitwa `--siku`. Lazima `if not defined` itangulie kwenye mstari wake wenyewe, maana ukikata herufi mbili za kibadilika kisichokuwepo hupati utupu, unapata takataka kama `~0,2`.

### Kosa linalorudiwa kuliko yote

Watu wengi huandika hivi, na ukiisoma kwa macho iko sawa kabisa:

```
if /i "%~1"=="--kituo" (
    shift
    set "KITUO=%~1"
)
```

Matokeo: KITUO inakuwa `--kituo`. Kila mara.

Sababu ni jinsi cmd inavyosoma. Ikikuta mabano, inasoma kila kitu mpaka mabano ya kufunga, inabadilisha alama zote za `%` kwa mkupuo, ndipo inaanza kutekeleza. Kwa hiyo `%~1` ya mstari wa tatu ilishageuzwa kuwa `--kituo` kabla `shift` haijaguswa. Toa `@echo off` na uendeshe tena: skrini itakuonesha mstari umeandikwa `set "KITUO=--kituo"` hata kabla ya kusogeza.

Ndani ya mabano unaweza kuandika `set "KITUO=%~2"` kwanza na kusogeza baadaye, na itafanya kazi. Ila ukishaongeza mistari mitatu ya ukaguzi unajikuta umerudi kwenye shimo lilelile. Ndiyo maana kitanzi chetu hakina mabano hata mamoja. Kila mstari unasomwa peke yake, kwa zamu yake, na thamani mpya inaonekana mara moja.

Kuna wanaopendekeza njia ya kisasa zaidi, kitanzi kinachotunga majina ya vibadilika chenyewe. Kwa vigezo chini ya kumi haina faida. Mistari minne iliyo wazi inasomeka na mtu atakayeirithi kazi yako, na mtu akikosea jina la kigezo skripti inamwambia.

## Hatua ya 4: Kagua kabla ya kugusa faili yoyote

```
:kagua
if not defined KITUO (
    >&2 echo Taja kituo, mfano --kituo Vwawa
    exit /b 2
)
if not defined KUTOKA (
    >&2 echo Taja folda ya flashi, mfano --kutoka "E:\Mizani"
    exit /b 2
)
for /f "delims=0123456789" %%N in ("%SIKU%") do (
    >&2 echo Kigezo --siku kinataka tarakimu tupu, si "%SIKU%"
    exit /b 2
)
if not exist "%KUTOKA%\." (
    >&2 echo Folda haipo: "%KUTOKA%"
    exit /b 2
)
```

Mabano hapa hayana madhara kwa sababu hatubadilishi kibadilika ndani yake na kukisoma papo hapo. Lakini kuwa mwangalifu na ujumbe wenyewe: ukiweka `)` ndani ya `echo` bila alama za kunukuu, cmd itadhani ndiyo ya kufunga. Njia ikiwa `E:\Kahawa (Mbozi)\Mizani` utaona `\Mizani was unexpected at this time` na skripti itakufa. Alama za kunukuu kuzunguka `"%KUTOKA%"` ndizo zinazoikinga.

Ule mstari wa `for /f` unatumia tarakimu kama vitenganishi. Zikiondolewa zote na kisibaki kitu, mwili wa `for` hauendeshwi. Kikibaki chochote, hiyo si namba.

Tumekwepa `set /a` kwa makusudi. Kwake yeye namba inayoanza na sifuri ni ya mfumo wa nane, hivyo `08` na `09` zinakataliwa. Skripti inayopokea mwezi kwa njia hiyo itafanya kazi hadi Julai, kisha Agosti inakwama.

## Hatua ya 5: Kazi yenyewe

```
set "ORODHA="
if defined JARIBIO set "ORODHA=/L"
robocopy "%KUTOKA%\." "%KWENDA%\%KITUO%" *.csv /maxage:%SIKU% /r:2 /w:5 %ORODHA%
if errorlevel 8 (
    >&2 echo Kunakili kumeshindikana
    exit /b 1
)
exit /b 0

:msaada
echo Matumizi: kusanya.bat --kituo JINA --kutoka FOLDA
echo           [--kwenda FOLDA] [--siku N] [--jaribio]
exit /b 0
```

Kila kituo kinapata folda yake chini ya `Mizani`. Hii si urembo: mizani mbili zinaweza kutoa faili zenye jina moja la tarehe, na ukizichanganya, ya pili inafuta ya kwanza.

Nukta baada ya mkwaju, `"%KUTOKA%\."`, inatibu ugonjwa mmoja mahususi. Mtu akiandika `"E:\"`, cmd haina tatizo, lakini robocopy inauona mkwaju na alama ya kunukuu vilivyogusana, inadhani alama hiyo ni sehemu ya jina, na inameza vigezo vinavyofuata. Kuukata mkwaju nako ni hatari, maana `E:` bila mkwaju si mzizi wa diski, ni folda yoyote uliyokuwa umesimama kwenye diski hiyo. Nukta inamaliza yote mawili.

`/r:2 /w:5` usiiache. Kwa kawaida robocopy hujaribu faili iliyogoma mara 1,000,000, ikisubiri sekunde 30 kila mara. Flashi ikichomolewa katikati, kompyuta itaonekana imeganda mpaka uikatishe kwa Ctrl+C.

`/maxage:7` inaruka faili zenye umri wa zaidi ya siku 7. Ukiipa namba ya 1900 au zaidi, inaisoma kama tarehe, mwaka mwezi siku. Hapa pana mtego wa vituoni: kompyuta ya zamani ambayo betri yake ya saa imekufa, umeme ukikatika inarudi nyuma miaka mingi. Faili za leo zinaonekana za zamani, robocopy inaziruka zote, na haitoi kosa lolote. Ukiona kituo kimoja kila siku kinaleta sifuri, anza na saa ya kompyuta yake.

Namba ya matokeo ya robocopy nayo inachanganya. 0 maana yake hapakuwa na cha kunakili, 1 maana yake imenakili salama. Kushindwa kunaanzia 8. `if errorlevel 8` inasomwa "8 au zaidi", na ndicho tunachotaka.

Kwenye ujumbe wa msaada usitumie `<JINA>`. Alama hizo kwa cmd ni za kuelekeza faili, na mstari utagoma. Herufi kubwa zinatosha.

## Hatua ya 6: Jaribu kuivunja

Nenda `cd /d C:\Kahawa`, kisha endesha hizi moja moja. Baada ya kila moja andika `echo %errorlevel%` uone namba ya matokeo.

`kusanya --kituo Vwawa --kutoka "E:\Mizani" --jaribio` inatakiwa kuorodhesha faili bila kunakili, na matokeo yawe 0. Geuza mpangilio wote, jibu lisibadilike.

`kusanya --kituo=Vwawa --kutoka="E:\Mizani" --jaribio` nayo inafanya kazi. Kwa bechi, alama ya `=` ni kitenganishi kama nafasi, sawa na koma na nukta mkato. Ni zawadi yenye gharama: `--siku 1,500` inakatwa vipande viwili, na skripti italalamika kwamba kigezo `"500"` hakina thamani. Thamani yenye koma, `=` au `;` ifungwe kwa alama za kunukuu.

`kusanya --kituo Mlowo Sokoni --kutoka "E:\Mizani"` inatakiwa kukataa kwa kusema kigezo `"Sokoni"` hakina thamani. Ujumbe ukitaja neno ambalo hukulikusudia kuwa jina la kigezo, jua kuna alama za kunukuu zimesahaulika kabla yake. Sahihi ni `--kituo "Mlowo Sokoni"`.

`kusanya --kituo --siku 3`, `kusanya --siku saba --kituo Vwawa --kutoka "E:\Mizani"` na `kusanya --kitou Vwawa` zote zirudishe 2, kila moja na ujumbe wake.

Mwisho jaribu `--kutoka "E:\Kahawa & Chai"`. Folda ikiwepo, inakwenda, kwa kuwa kila mahali tumeivika alama za kunukuu. Ukiongeza `echo %KUTOKA%` bila alama hizo, cmd itajaribu kuendesha programu inayoitwa Chai.

Ukipata `The system cannot find the batch label specified` na lebo (jina lenye `:` mbele, kama `:soma`) unaiona kwa macho, faili imehifadhiwa na miisho ya mistari ya Linux. Hutokea skripti ikipitia kihariri cha simu. Fungua kwenye Notepad, tazama kona ya chini kulia: inatakiwa isome Windows (CRLF). Ikisoma Unix (LF), fungua faili mpya, chapa mstari mmoja upya kisha bandika mengine, na uhakikishe kona hiyo kabla ya kuhifadhi.

## Hatua ya 7: Kuiita kutoka kwingine

Skripti nyingine ikiiita, tumia `call`:

```
call "C:\Kahawa\kusanya.bat" --kituo Vwawa --kutoka "E:\Mizani"
if errorlevel 1 echo Vwawa haijakamilika
call "C:\Kahawa\kusanya.bat" --kituo Mlowo --kutoka "F:\Mizani"
```

Bila `call`, udhibiti unahamia kusanya.bat na haurudi. Mlowo haitaguswa kamwe. Ndiyo maana pia tumetumia `exit /b` kila mahali: `exit` tupu ingefunga dirisha zima pamoja na skripti iliyoita. Na ndani ya faili ya bechi, asilimia yoyote iliyo sehemu ya thamani iandikwe mara mbili, `%%`, na kwenye mstari wa `call` mara nne, `%%%%`, kwa sababu `call` inasoma mstari mara ya pili.

Kwenye Task Scheduler, njia ya skripti inakaa kwenye sehemu ya programu, vigezo vyote vinakaa kwenye sehemu yake ya arguments. Usivirundike pamoja kwenye kisanduku kimoja. Ukiacha "Start in" wazi, kazi kwa kawaida huanzia `C:\Windows\System32`, lakini `%~dp0` ya Hatua ya 2 inahakikisha rekodi bado zinaenda `C:\Kahawa\Mizani`. Kitakachokusumbua ni herufi ya flashi: leo E:, kesho F:, kutegemea nani alichomeka nini asubuhi. Fungua Disk Management, ubofye flashi ya kila kituo kwa kitufe cha kulia na uipe herufi ya kudumu kwenye kompyuta ya ofisini, tuseme V: kwa Vwawa na M: kwa Mlowo, kisha andika herufi hizo kwenye `--kutoka`.